Siku ya Kuuza Kuku: Siku Moja Maishani mwa Mkufunzi wa Kilimo, Morogoro

Saa 11:30 alfajiri. Ninapofika bandani, milima ya Uluguru bado imefunikwa na wingu, na wanafunzi wawili wa zamu wameshabadilisha maji na wanageuza maranda yaliyolowa. Kuku hawa wa nyama wametimiza wiki tano. Ni mali ya kikundi cha wanafunzi sita wa stashahada ya kilimo, waliokopa shilingi 1,370,000 kutoka mfuko wa idara na wanaopaswa kuzirejesha zote. Faida ni yao, na hasara ni yao pia.

Saa 2:00 asubuhi. Darasani tunapitia daftari. Vifaranga 200 viligharimu shilingi 360,000, mifuko 12 ya chakula shilingi 900,000, na chanjo za kideri na gumboro pamoja na mkaa na maranda shilingi 110,000. Chakula peke yake kimemeza karibu theluthi mbili ya mtaji, jambo nililolifundisha ubaoni muhula uliopita bila mtu kushtuka. Leo wanalitazama kimya. Mwenyekiti wao amegawa gharama yote kwa 200 na kupata shilingi 6,850 kwa kila kuku. Naliona kosa, nanyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi yangu, lakini nikisahihisha kila hesabu kabla haijawauma, nitakuwa nimewanyima somo lenyewe.

Saa 4:00. Mnunuzi wa jumla anafika na guta lenye matenga. “Vijana wangu, nawachukua wote kwa elfu saba saba.” Mwenyekiti tayari amenyoosha mkono wakubaliane, ndipo mtunza daftari anapomzuia: “Subiri kwanza. Wale kumi na mmoja waliokufa, gharama yao analipa nani?” Wanamwomba mzee radhi, wanatoka nje na kukokotoa upya kwa kuku 189 walio hai, wanapata karibu shilingi 7,250 kwa kila mmoja. Kwa elfu saba wangepoteza shilingi 47,000 huku wakiamini wamepata faida. Wanarudi, wanajadiliana naye kwa heshima kwa muda mrefu, na hatimaye anachukua kuku 100 kwa shilingi 7,400 kila mmoja.

Saa 7:00 mchana. Nikiwa mezani nakumbuka shamba la shule niliyosoma. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shamba lao, lakini sisi tulikabidhiwa jembe tu. Mahindi yaliuzwa kwa bei gani, hatukuambiwa kamwe, na hilo linanisikitisha hadi leo.

Saa 9:00. Tunazunguka karibu na Soko la Mawenzi kwa wauza chipsi na mama lishe. Mwenye kibanda mmoja anataka kuku 20 kwa mkopo hadi Jumamosi. Wanafunzi wananigeukia. “Mwalimu, tumpe?” Nawauliza deni la idara linaiva lini. Wanashauriana, wanamwuzia 10 kwa fedha taslimu, na kufikia jioni wameuza 40 kwa shilingi 8,000 kila mmoja.

Saa 12:00 jioni. Mkononi zipo shilingi 1,060,000. Bandani wamebaki kuku 49, na bado zinahitajika 310,000 kulipa mkopo. Mmoja anapendekeza waliobaki wangojwe wiki nzima ili waongezeke uzito. Mwingine anauliza wataongezeka kwa kiasi gani ikilinganishwa na watakachokula, na mabishano yanaendelea hata baada ya taa kuwashwa. Sijaingilia. Wakati huo mtunza daftari amekwenda kwenye mizani, amepima chakula cha usiku huu na cha kesho, na bila kuagizwa na mtu ameandika mstari mpya: chakula, kilo 9, shilingi 13,500.