Behewa la Kima

Basi kutoka Dar lilinishusha Nairobi alfajiri, miguu imevimba. Nikanywa chai mbili kwa mahamri nikisubiri Makumbusho ya Reli yafunguliwe. Yapo karibu na stesheni ya treni.

Nilikuwa nimemfuata simba, sitadanganya. Uwanja umejaa vichwa vya treni vya mvuke, nikavipita kama si kitu. Behewa nililolitaka ni la mbao, dogo kuliko nilivyodhani. Ni la ukaguzi. Enzi hizo ofisa wa reli hakuulizia nyumba ya wageni: behewa lake lilifungwa kwenye treni, likaachwa njia ya pembeni kwenye stesheni aitakayo, akalala humo na watumishi wake upande wa pili, hadi treni nyingine ije ilichukue. Na mlango wake si wa bawaba, ni wa kusukuma kando.

Mlango huo ndio ulioniganda. Juni 1900 pale stesheni ya Kima, Kenya (ndiyo, jina kama kima ya kwenye sambusa), Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alikwenda na wenzake wawili, Huebner na Parenti, kumvizia simba aliyekuwa akila watu. Zamu ya Ryall ya kukesha, usingizi ukamchukua. Simba akapanda. Njia ya pembeni ilikuwa mpya, haijakaa sawa, na behewa lilikuwa limeinama kidogo. Uzito wa mnyama ulipoongezeka, mlango ukateleza wenyewe ukajifunga. Wakawa wanne ndani. Parenti alikuwa sakafuni, simba amemkanyaga. Huebner alikuwa kitanda cha juu. Mnyama akatoka kupitia dirishani na Ryall mdomoni.

"Ni dirisha hili," kijana wa makumbusho akanionyesha. Mimi nilikuwa nimechutama, natazama mlango unapotelezea.

Mimi ni mtoto wa genge la mafundi wa reli. Baba alikuwa nyapara kipande cha Kilosa, huko ambako masika Mto Mkondoa hula tuta la reli. Mvua ikikatika tu, anatoka na kiberenge, kigari kidogo cha relini, na vijana wake kukagua. Wanaume wanne wanakinyanyua kukiweka kando treni ikija. Pale palipozama, wanainua taruma, yale magogo yanayobeba reli, wanashindilia kokoto chini yake, baba anaweka pima maji juu ya reli na kuinama hadi shavu linakaribia chuma. Nyumbani alipima hata meza ya chakula. Mama alikuwa akimcheka.

Jioni nikampigia baba simu, nikamsimulia yote: simba, bunduki, dirisha. Akanyamaza kidogo.

"Reli ilizama upande gani?"

"Sijui, baba."

"Sasa huko ulikwenda kuangalia nini?"