Ua Lisilotaka Kubembelezwa

Kila Jumapili asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya ukuta wa jirani, napita sebuleni nikichomeka kidole kwenye udongo wa kila chungu hadi kiungo cha pili. Nikihisi ubaridi wowote, naliacha ua lilivyo na kwenda zangu kuchemsha chai. Vyungu ni vitano tu na kazi yote haimalizi dakika kumi, lakini imenichukua mwaka mzima kujifunza kwamba sehemu kubwa ya kutunza maua ya ndani ni kujizuia kuyamwagilia.

Machi mwaka jana presha yangu ilisoma 152 kwa 96. Daktari alinipa vidonge, akanitaka nipunguze chumvi, nitembee na nilale mapema; maua hakuyataja kabisa. Ilitokea tu kwamba daladala ya kurudia nyumbani ilikwama kwenye foleni mbele ya wauza miche wa pembezoni mwa barabara, nami nilipoutazama ule ukijani uliopangwa kwenye viriba vyeusi, umemwagiwa maji mchana ule na bado unachuruzika, niliona afadhali nishuke. Nilichagua ua lenye majani manene yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta ya nazi. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na wengi hulifupisha kwa kuliita ZZ. Kijana aliyeniuzia alinionya wakati akilifunga kwenye gazeti: "Dada, hili usilibembeleze. Maji mara moja kwa wiki mbili, na ukisahau usiwe na wasiwasi."

Nililibembeleza. Ninaishi Upanga, ghorofa ya tatu, katika sebule ambayo dirisha lake kubwa linatazamana na ukuta wa jengo jingine, na wakati ule kazi ya mahesabu niliyokuwa nikiifanyia nyumbani ilikuwa ikinifuata hadi kitandani. Kila jioni, nikishafunga kompyuta, nililimiminia glasi nzima ya maji, na nadhani nilifanya hivyo kwa sababu lilikuwa jambo pekee siku ile ambalo halikuwa na marekebisho. Nilikuwa nimelihamishia kwenye bakuli zuri la kauri nililolinunua duka la vyombo, bakuli lisilo na tundu hata moja chini. Majani ya chini yalipoanza kugeuka manjano nikaamini lina kiu, nikaongeza glasi ya asubuhi.

Aliyegundua ni shangazi yangu, aliyeshuka kutoka Lushoto kwa ajili ya kliniki ya macho. Aliligusa shina moja, likalegea na kulala mkononi mwake. "Mwanangu, hili hujalinyima kitu," alisema. "Umelizamisha." Tulitandika magazeti sakafuni, tukalipindua bakuli, na harufu iliyotoka ilikuwa ya mihogo iliyosahauliwa ndani ya maji. Katikati ya lile tope kulikuwa na vinundu vinne vya ukubwa wa viazi mviringo. Nilipokibonyeza kimoja kwa kidole gumba, ganda lilipasuka na kutoa maji ya rangi ya chai ya rangi.

Vinundu vile ndivyo vinavyoeleza kila kitu kuhusu tabia ya ua hili. Ni ghala la maji. Kwao porini ni mashariki mwa Afrika, tangu Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, na huko hupitia miezi ya kiangazi bila tone. Ukame ukizidi huweza kupukutisha majani yote, likabaki chini ya udongo likisubiri mvua. Mmea uliojiandaa hivyo kwa njaa hauna pa kuipeleka glasi ya kila jioni. Wataalamu wa Ulaya waliueleza kwa maandishi mwaka 1829, lakini haukuwa bidhaa ya sebuleni hadi miaka ya 1990, wauza maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Nililijua hili baada ya kuwa nimeshauua mmea wa kwetu ndani ya bakuli la dukani.

Shangazi alicheka nilipomsomea. Kwao Usambara kuna historia kama hiyo: ua dogo la urujuani linalomea kwenye miamba yenye unyevu na kivuli lilichukuliwa na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, mwanzoni mwa miaka ya 1890, likapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia, mwaka 1893, na leo hukaa madirishani kote Ulaya na Marekani. Hilo sikulitafuta, kwa kuwa halivumilii joto la Dar es Salaam, na mimi nilikuwa nimeshajijua udhaifu wangu.

Tulichoweza kuokoa ni majani sita. Tuliyachomeka, kila moja peke yake, kwenye mchanga uliochanganywa na udongo ndani ya kopo la siagi ambalo shangazi alilitoboa kwa msumari wa moto. Miezi mitatu hakikutokea chochote. Mwezi wa nne nililivuta jani moja taratibu na kukuta limeota kinundu cha ukubwa wa punje ya dengu, cheupe, chenye mizizi miwili. Nilikirudisha haraka, nikaona aibu kidogo, kana kwamba nimefungua mlango bila kubisha hodi.

Kuna mengi yanayosemwa kuhusu maua haya ambayo siyakubali. Madai kwamba husafisha hewa ya nyumba yanatokana zaidi na utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989 uliofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 ulipiga hesabu na kuonyesha kwamba ungehitaji mimea kumi hadi elfu moja kwa kila mita moja ya mraba ili ifanye kazi ambayo hewa inayopita nyumbani huifanya yenyewe. Kwa hiyo fungua dirisha. Presha yangu nayo imeshuka kwa vidonge na kwa kuiacha chumvi, na sitamsingizia mmea. Ninachoamini ni kidogo zaidi, na kinafanana na alichokiona mtafiti Roger Ulrich mwaka 1984, kwamba wagonjwa wa upasuaji ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitali mapema na kutumia dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mimi ndiye wa ukuta. Sasa kati yangu na ukuta huo kuna sanseviera mbili zilizosimama kama panga, na jicho likichoka na tarakimu lina pa kutua.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni visahani vya chini ya vyungu. Mbu wa dengue, ambaye huuma mchana, hutaga kwenye maji ya namna hiyo hasa, na waliokuwapo Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 hawahitaji kuelezwa. Vyangu nimevijaza mchanga. ZZ nimeipandisha juu ya kabati, kwa sababu utomvu wake huwasha mdomo na watoto wa dada yangu bado wana umri wa kuonja kila kitu.

Kati ya majani sita yameishi manne. Moja limempata mama wa nyumba ya pili, ambaye juzi alinisimamisha ngazini kuniuliza kwa nini halitoi maua. Nilimwambia hutoa likishakomaa, tena kwa nadra, chini kabisa karibu na udongo, kitu kifupi cha rangi ya manjano hafifu kama bunzi changa la mahindi, na kwamba asipoinama hataliona. Akaniuliza kama alimwagilie kila siku wakati anasubiri.