Siku moja maishani mwangu: nawafundisha wahitimu kulima, na nasimama nao mpaka wauze

Hapa Morogoro wengi wananijua kama "yule dada wa wahitimu". Wakiniona napita na buti za mpira na mizani begani, hudhani kazi yangu ni kupeleka vijana wenye digrii shambani, kuwapiga picha wameshika majembe, kisha kuandika ripoti. Nimeamua kuandika siku yangu ya Alhamisi iliyopita ili mzazi mwenye kijana aliyemaliza chuo na yuko nyumbani aone kinachofanyika huku.

Saa 10:30 alfajiri. Kabla sijanawa uso nashika simu, kwa sababu saa hizi bei zinaingia. Kila kikundi cha wahitimu ninaowafuatilia kina mtu wa kupiga simu soko la Ilala Dar es Salaam, mwingine Majengo Dodoma, na mmoja anayepita Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa mjini. Alhamisi tenga la nyanya Ilala lilikuwa 35,000, Kingalu 24,000. Shikeni hiyo 35,000, jioni itatufaa.

Pamoja na bei imekuja, kutoka kikundi cha Mlali, picha ya jani la nyanya lenye mabaka meupe kama limechorwa kwa ndani. Sikuhitaji kuuliza: kantangaze. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, na tangu aingie nchini mwaka 2014 hakuna mkulima wa nyanya asiyemjua. Kiwavi wake hula katikati ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kwa hiyo dawa ya kunyunyiza juu juu haimgusi. Nikajibu: msipulize kitu mpaka nifike.

Saa 1:00 asubuhi, kwenye kituo chetu cha mafunzo. Wapya wako wiki ya pili, wanasia mbegu kwenye trei, mbegu moja kila tundu. Nawasimamia, nakagua unyevu wa mboji, naondoka. Mafunzo yetu ni miezi sita ya darasa na shamba la pamoja, kisha kila kikundi kinakodishiwa eka moja na kufuatiliwa kwa mwaka mzima. Mwaka huo wa ufuatiliaji ndio ninaoupigania kila tukikaa kupanga bajeti, maana ndio wa kwanza kukatwa.

Niweke wazi kwamba sisi si wa kwanza. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walianzisha ushirika wao, SUGECO, tangu 2011, na serikali ilianza programu ya BBT (Building a Better Tomorrow), ya kuwaingiza vijana kwenye kilimo, kule Dodoma mwaka 2023, ikawatawanya vijana kwenye vituo vya mafunzo kabla ya kuwapa mashamba. Mji huu unawajua wahitimu wa kilimo kuliko mji wowote nchini. Wanaonijia mimi, hata hivyo, wengi hawakusoma kilimo kabisa. Wamesoma ualimu, uhasibu, sosholojia, na wamezungusha bahasha mpaka zikachanika pembe. Kwenye kikundi cha Mlali wanaitana kwa walichosomea, nami nitawaita hivyo hivyo: Mhasibu, Mwalimu, Sosholojia na Maabara.

Saa 2:30. Pikipiki mpaka Sangasanga, kisha barabara ya kwenda Mgeta mpaka Mlali. Mlali ni nchi ya nyanya na mboga, maji yanashuka kutoka Uluguru. Nimemwamkia mzee mwenye shamba, akaniitikia na kuniuliza kama wale watoto wake watalipa kodi ya msimu ujao. Nikamwambia leo wanauza. "Basi Mungu awasimamie," akasema, "kuuza ndiko kugumu." Mzee yule amelima maisha yake yote, na hilo analisema kwa uzoefu.

Tumekagua mistari, tukigeuza majani kutazama chini, kwa sababu nondo hutaga huko. Mashambulizi yako kona moja tu. Tumeng'oa majani yaliyoliwa tukayafukia, tukaongeza mtego wa harufu ya jike juu ya beseni la maji ya sabuni. Dawa tumeipanga kwa jioni baada ya mavuno, yenye kiambato tofauti na ile ya mara iliyopita, maana ukirudia dawa moja mfululizo kantangaze anaizoea. Maabara ndiye aliyeandika siku za kusubiri kwa herufi kubwa kwenye ubao wa stoo: baada ya kupuliza, hakuna kuchuma mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Nyanya zile zinaliwa mbichi na watoto wa watu, kwenye kachumbari.

Saa 3:30. Kuchuma. Akina mama 8 wa kijijini wanalipwa 8,000 kila mmoja. Nyanya ya kwenda Dar, kilomita 200 na kitu, inachumwa ikiwa imeanza tu kugeuka rangi kitakoni. Ukingoja iwive, itafika Ilala ni supu. Kufikia saa 5 matenga 60 yalikuwa yamepangwa chini ya mwembe, na lori liliahidiwa saa 5.

Lori halikuja.

Saa 5:40 dalali, mnunuzi wetu mwenye lori, anasema yuko Mikese. Saa 7 kasoro bado yuko Mikese. Saa 8 yuko Msamvu, anakula. Katikati ya hapo nilitakiwa kuwa mjini na kikundi kingine, cha kuku, kumwona afisa maendeleo ya jamii kuhusu mkopo wa halmashauri. Mkopo ule hauna riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Lakini lazima kikundi kiwe na usajili, katiba, akaunti na mihtasari ya vikao, na vijana wangu wa kuku walikuwa wamekwama kwenye mihtasari. Nimeifanya kazi hiyo kwa simu, nimekaa juu ya ndoo, nikiwasomea aya kwa aya wakati betri inaisha.

Wanaosema vijana hawataki kilimo wangekaa chini ya ule mwembe saa hizo. Jua la Mlali mchana halina huruma, nyanya zilizochumwa zinaendelea kuiva, na kila saa inayopita anayeshinda ni mnunuzi. Anajua hilo. Kuchelewa kwake kunaingia kwenye bei. Sosholojia alifunika matenga kwa majani ya mgomba, akawa anazunguka kuondoa zilizopasuka. Mwalimu alipigiwa simu na mama yake, akasimama mbali kidogo, nikamsikia akisema, "Niko kazini, mama. Ndiyo, kazini." Akarudi hakusema kitu, akaendelea kupanga.

Yule kijana mwaka jana baba yake alikuja kituoni akitetemeka kwa hasira. Alituambia aliuza ng'ombe asomeshe mwalimu, na hakusomesha ili mwanawe arudi kwenye jembe alilolikimbia yeye. Sikumbishia. Mzee ana haki, kwa sababu jembe alilolijua yeye halikumlipa. Nilimwonyesha daftari la mapato ya kikundi kilichotangulia, akalitazama muda mrefu, akaniuliza swali moja la maana: "Na msimu bei ikianguka?" Hilo ndilo swali ambalo kazi yangu yote imejengwa kulijibu, na jibu lake haliko kwenye mbolea. Liko kwenye daftari, na kujua bei ya masoko matatu kabla jua halijatoka.

Mwalimu bado anatuma maombi kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, kila nafasi za ualimu zikitangazwa. Simkatazi. Akiitwa akafundishe atakwenda na ujuzi wake, na shule atakayopangiwa itakuwa na bustani. Wakati huo huo deni la bodi ya mikopo linamsubiri, maana bodi haikusamehi kwa sababu umejiajiri. Anahitaji kipato sasa hivi.

Lori limefika saa 10:15 jioni.

Dalali ameshuka na wapakiaji wawili. Mhasibu akamwamkia vizuri, "Shikamoo kaka," akaitikia, akazunguka matenga mara moja bila kuyagusa, akasema: "Soko limekufa, wadogo zangu. Ilula kule Iringa wameshusha mzigo, Ilala hakuna pa kukanyaga. Nawapa kumi na tano." Bei tuliyokubaliana siku mbili kabla ilikuwa 22,000.

Wakati anasema hayo, wapakiaji wake walikwishaanza kujazia. Wanachukua nyanya za tenga hili wanarundika juu ya lile mpaka zinapita ukingo, halafu wanafunga kwa kamba na nyavu. Kwenye magunia ya viazi na vitunguu mchezo huu unaitwa lumbesa na sheria ya vipimo inaukataza, ila shambani hakuna anayekuja kupima. Ndiyo sababu natembea na mizani. Mwalimu akaliweka tenga la kwanza lililojaziwa: kilo 52. Tulikubaliana tenga la usawa wa ukingo, kilo 42. Akaandika kwenye boksi kwa kalamu nene: kilo 10 mara matenga 60, kilo 600. Akaligeuza lile boksi kuelekea kwa dalali.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na nimenyamaza kwa makusudi. Nikifungua mdomo, dalali ataongea na mimi, na msimu ujao atanitafuta mimi. Nipo pale kwa sababu mbele ya mtu mzima anayetazama kuna maneno hayasemwi. Basi. Ni kazi ngumu kuliko kupiga kelele, na ilipofika saa 11 miguu ilikuwa inaniuma kwa kujizuia tu.

Mhasibu akafungua daftari. Namwandika huyu dada kwa fahari. Alikaa nyumbani kwao Kilosa miaka miwili baada ya kuhitimu, anafulia wadogo zake, akiambiwa digrii yake ni karatasi. Akamsomea dalali taratibu: eka hii imegharimu 3,800,000, kodi, mbegu, mbolea, dawa, mafuta ya pampu na vibarua. Tunategemea matenga 400. Kila tenga limekwishakula 9,500 kabla halijatoka shambani. Halafu: "Kaka, alfajiri Ilala ilikuwa thelathini na tano. Ilula tumewapigia pia, nao wanauza ishirini na moja shambani, na wao wako mbali zaidi na Dar. Hiyo kumi na tano umeipata wapi?"

Dalali alicheka, akalalamika barabara, akalalamika ushuru, akaingia ndani ya lori, akatoka. Akapanda kumi na nane. Akaomba mali kauli: nusu leo, nusu Jumapili akirudi. Maabara, ambaye haongei sana, alisema, "Hapa hakuna mali kauli, kaka, akina mama wanataka hela yao jioni hii." Na wale akina mama wanane walikuwa wamekaa pale pale wanasikiliza.

Saa ngapi walikubaliana sikumbuki vizuri, jua lilikuwa limeshainama. Matenga 40 kwa 20,000, usawa wa ukingo, hela kwenye simu kabla lori halijawasha. Matenga 20 wamebaki nayo, walikataa kuyatoa kwa bei hiyo. Wamempigia mama mmoja anayeuza Kingalu, wakakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ije alfajiri. Wamepoteza 2,000 kwa kila tenga kulingana na makubaliano, na hilo limeniuma. Mkataba wa maandishi tuliokuwa nao dalali aliusoma akaukunja akaurudisha. Kumpeleka popote kwa mkataba ule kungegharimu zaidi ya nyanya zenyewe, na yeye analijua hilo. Nitalisema hili kila mahali nitakapopewa nafasi: unaweza kumpa kijana mbegu bora, kitalu nyumba, mafunzo, hata mtaji, na bado ukamwacha peke yake na lori lililochelewa saa tano. Wengi huachia hapo. Kisha wanahesabiwa kuwa hawakuwa na nia.

Mtandao ulisumbua, tukangoja ujumbe wa malipo. Ulipoingia, Mhasibu aliusoma kwa sauti, akahakiki salio, ndipo akawaruhusu wapakiaji.

Halafu dawa ya kantangaze, kona ile, kwa mwanga wa mwisho. Halafu pikipiki. Nimefika nyumbani usiku, ugali umepoa, nimekula hivyo hivyo.

Saa 3 na kitu Mhasibu ametuma hesabu ya siku kwenye kundi, kama anavyofanya kila siku ya mauzo. Mapato 800,000. Vibarua 64,000. Mafuta ya pampu na kirikuu 60,000. Akaunti ya msimu ujao 300,000, na hiyo haiguswi. Kinachobaki 376,000, kwa watu wanne, 94,000 kila mmoja, na ya Kingalu bado. Mwalimu ameandika kwamba zake 50,000 zimeshakwenda kwa baba.

Chini ya hesabu kulikuwa na swali: ile robo eka ya juu waliyoongezewa na mzee wapande nini, maana Sosholojia anataka nyanya tena. Nimewajibu maharage. Wasipeleke pale nyanya, hoho, bilinganya wala viazi mviringo, hao wote ni ukoo mmoja na kantangaze hajasahau njia. Mbegu waulizie bei kesho kabla ya saa 4, na risiti waniletee.