Gia juu ya rafu

Leo ni siku ya kumi na moja tangu gia yetu ifungwe kwenye mtambo wa kiwanda. Naandika usiku kwa sababu mchana kila simu ikiita moyo unaruka.

Karakana yetu hapa Gerezani, Dar es Salaam, ina watu sita. Kwa miaka tumekereza shafti na bushi kwa macho na mazoea. Mwaka jana tulikopa tukanunua mashine ya CNC ya mtumba: unapima spea iliyolika, unaichora kwenye kompyuta, mashine inachonga yenyewe. Nilijua viwanda vitatukimbilia. Havikuja.

Mzee anayesimamia matengenezo katika kiwanda kimoja cha sabuni aliipokea gia yetu ya mfano kwa mikono miwili. Akapitisha ukucha wa dole gumba jino kwa jino, akatoa kipimo chake mwenyewe cha vernia, akapima mara tatu. Tofauti na ile ya kuagiza nje haikuzidi milimita 0.02. Kisha akaifunga tena kwenye gazeti lililolowa mafuta, akaiweka juu ya rafu.

"Mdogo wangu, kazi nzuri sana. Lakini ikikatika jino saa nane usiku, bosi hatakutafuta wewe. Ataniuliza mimi kwa nini sikuagiza ile ya siku zote."

Ilikaa pale miezi minne. Nilimkasirikia, na sasa naona nilimkosea, maana alikuwa ameniambia ukweli mtupu.

Kilichonifungua macho ni habari za John Parsons wa Traverse City, Michigan, Marekani, mmoja wa walioanzisha mashine za kuongozwa kwa namba, zilizozaa CNC kama yetu. Kampuni yake haikuwa ya kutengeneza mashine. Ilikuwa inaunda mapanga ya helikopta. Yeye na mhandisi wake Frank Stulen walitumia mashine za IBM za kadi zenye matundu kupiga hesabu za nukta za umbo la panga, kisha mfanyakazi mmoja akawa anasoma namba kwa sauti na wawili wanazungusha mikono ya mashine, kila mmoja mhimili wake. Nikifikiria watu watatu wakiwa ndio kompyuta, nawaheshimu kweli. Mwaka 1949 jeshi la anga la Marekani likampa mkataba, chuo cha MIT kikaingia kazini, na mwaka 1952 mashine ikaonyeshwa hadharani ikichonga kwa kufuata utepe wenye matundu yanayobeba namba.

Wenye viwanda wakatazama, wakaenda zao. Mashine ilikuwa ghali, kuandaa utepe kulikula muda mrefu, na kazi zao zilikuwa zinakwenda bila hiyo. Mambo yalibadilika pale jeshi lenyewe liliponunua mashine zaidi ya mia moja na kuzipeleka kwa watengenezaji wa ndege wazitumie. Hasara, kama ingekuwapo, isingekuwa ya mwenye kiwanda.

Nilisoma hapo mara mbili. Sisi tulikuwa tunamwonyesha mzee usahihi, na usahihi alikwisha kuuona kwa vernia yake. Mzigo wa saa nane usiku tulikuwa tumemwachia yeye peke yake.

Nikarudi. "Shikamoo mzee. Naomba tuifunge Jumapili, mtambo ukiwa umesimama. Ile ya kuagiza ibaki stoo yako. Usilipe kitu mpaka miezi mitatu ipite. Ikivunjika, nakuja mwenyewe usiku huohuo, na barua hii ina sahihi yangu, mwonyeshe bosi."

Akaisoma barua polepole, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Akanyoosha mkono kwenye rafu.

Kwa karakana yetu hilo si jambo dogo. Chuma, kuzimisha gia ya moto kwenye mafuta ili iwe ngumu, umeme, marejesho ya mkopo, vyote vimetoka mfukoni mwetu, na vijana wangu wanajua mshahara wa mwezi huu utachelewa kidogo. Nimewaeleza wote, hakuna aliyepinga.

Jioni hii nimempigia mzee. Nyuma yake nilisikia mtambo unanguruma.

"Inazunguka," akasema. "Kesho njoo na vernia yako, kuna shafti nataka uione."