Mwani mnene umetukimbia

Kwetu Jambiani tunajua aina mbili za mwani: mwembamba na mnene. Mnene ndio wenye bei, karibu mara mbili ya mwembamba na pengine zaidi, na ndio uliotukimbia.

Mbegu zote mbili asili yake ni Ufilipino. Kilimo cha biashara kilianza huku mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na mama yangu alikuwa katika wanawake walioingia mapema. Pesa ya mwani mnene ndiyo iliyoezua makuti ya nyumba yetu ikaweka bati, na ndiyo iliyonilipia sare na madaftari. Nalisema hili kwa sababu nikisikia watu wanazungumzia mabadiliko ya tabianchi, huwa wanaanza na barafu ya Kilimanjaro. Barafu nayo inayeyuka kweli. Lakini mimi ushahidi wangu uko kwenye kamba ambazo mama anafungia mwani baharini.

Mnene ulianza kufa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tawi zima huwa gumu na linateleza mkononi. Likianza kuugua linatoa doa jeupe kama chumvi iliyokauka, kisha doa linalizunguka tawi lote. Ukilishika pale penye weupe, linakatika. Mkondo unachukua kilichobaki, na bamvua la pili, maji yakipwa sana tena, ukishuka unakuta kamba imekaa tupu, taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, zinaning'inia. Wiki sita za kungoja mavuno zimekwenda na maji.

Wataalamu wanauita ugonjwa huo aisi-aisi. Mwani wetu unastawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30 hivi. Joto likizidi hapo unadhoofika, na vijidudu vinapata njia ya kuingia. Sasa fikiria pwani yetu ilivyo. Wakati wa bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na jua linapopanda yale machache yaliyobaki juu ya mchanga mweupe ndiyo yanayoubeba mwani. Wakati wa kaskazi ukitia mguu humo unaona moto wenyewe. Maji hayo ya kina kifupi yalikuwa ya joto tangu zamani, lakini mnene uliyavumilia. Kilichoongezeka ni kile kidogo kinachopita uwezo wake. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi tunazorundika angani limeingia baharini, na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulipita nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya viwanda.

Wako wazee wanaosema mbegu imechoka, na siwapingi moja kwa moja. Mwani haupandwi kwa punje. Tunakata vipande vya ule ule na kuvifunga tena, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo ni ukoo mmoja uliozeeka. Lakini mbegu hiyo hiyo ukiipeleka kwenye maji makubwa, yasiyokauka hata bamvua na yasiyochemka mchana, inaota. Na kule Pemba ziko sehemu ambazo mnene unaendelea kuvunwa. Uchovu wa mbegu peke yake hauwezi kueleza hilo.

Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, ndiye aliyesukuma sana wazo la kuhamia maji makubwa. Badala ya kufunga kamba kwenye vigingi, mwani unajazwa ndani ya nyavu ndefu za mviringo zinazoelea, mtindo uliokuwa ukitumika Brazili. Hata tawi likikatika linabaki ndani ya wavu. Nimeona nyavu hizo, na zinafanya kazi.

Hapa ndipo ninapotaka wenye miradi wanisikilize. Kwenye wakulima wa mwani wa Zanzibar, ambao ni zaidi ya 20,000, takriban asilimia 80 ni wanawake. Shamba la vigingi mwanamke anaenda kwa miguu yake, maji yakipwa, amejifunga kanga, mtoto mdogo anachezea mchangani. Shamba la maji makubwa linataka chombo, na vyombo kwetu ni vya wanaume. Linataka kuogelea, na wengi wetu tumezaliwa hatua chache kutoka baharini bila kufundishwa kuogelea hata siku moja. Mama yangu aliulizwa kwenye mkutano mmoja kwa nini hajahamia nyavu. Akajibu, "Mwanangu, nitafikaje?" Aliyeuliza akaandika kitu kwenye daftari lake na kuendelea na swali lingine.

Kwa hiyo anaendelea na mwembamba, unaovumilia joto kuliko mnene, kwa bei ndogo, na kamba nyingi zaidi ili kufidia. Mgongo wake unaumia. Magunia ya mwani mbichi ni mazito, na huo mwembamba nao siku hizi kuna misimu unakatika.

Wala si kwamba wanawake hawawezi. Hapa hapa Jambiani wako wanaolima baharini sponji, zile laini za kuogea. Walifundishwa kuogelea, wanavaa miwani ya majini na kuzama kuzisafisha sponji zao. Walipewa mwalimu kwanza, kisha shamba. Nami naomba utaratibu huo huo kwa wakulima wa mwani: mwalimu wa kike, nguo za kuogelea zenye stara ambazo mtu anaweza kupita nazo mbele ya wakwe, na boti iliyoandikishwa kwa jina la kikundi cha wanawake, pamoja na fungu la kuitengeneza ikitoboka wakati wa kusi. Nyavu zifuate baada ya hapo.