Waya mpya wa amplifaya: unalipia shaba au unalipia boksi?

Kabla hujaulizia bei popote, geuza amplifaya uitazame mgongoni. Ukikuta tundu lenye pini tatu bapa, hapo panaingia ule waya wa kompyuta ya mezani uliojaa kila ofisi. Kwa jina la kiwandani mdomo wake unaitwa C13, na umepimwa kubeba ampea 10. Tundu la pini mbili lenye umbo la namba nane ni la C7, ampea 2.5, na ndilo lililoko kwenye redio nyingi ndogo na deki za DVD. Amplifaya nzito za ukumbini huja na C19, mdomo mpana zaidi, ampea 16. Sabufa nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, waya wake umetokea ndani moja kwa moja, hauchomoki. Kama yako ni ya aina hiyo, huna waya wa kununua. Kagua plagi, soketi na ekstensheni.

Sasa tuje kwenye sauti, maana ndiyo inayouza nyaya za bei mbaya. Chukua amplifaya inayokula wati 300 kwenye volti 230, yaani ampea 1.3 hivi. Waya wa mita mbili wenye unene wa milimita za mraba 0.75, ukihesabu kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.1. Humo njiani umeme unapoteza volti 0.14. Ukiweka waya wa 1.5, upotevu unashuka hadi volti 0.07. Ni kweli kwamba amplifaya yenye transfoma haivuti umeme kwa utulivu. Inauvuta kwa mikupuo mifupi kujaza kapasita (vidude vya ndani vinavyohifadhi umeme), na mkupuo mmoja unaweza kuwa mara tano ya ule wastani. Haya, zidisha kwa tano: bado hujafika volti moja. Na mtaani kwenu, jioni watu wakiwasha majiko na pasi, volti 10 au 20 zinapanda na kushuka bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba waya wa umeme "unafungua" sauti ya juu au "unaongeza besi" mwache aongee. Waya mzima, mnene wa kutosha na unaobana vizuri, umemaliza kazi yake.

Ila waya mbovu unasikika, na tena unachoma nyumba. Hapo ndipo pesa kidogo uliyonayo inapotakiwa kwenda.

Kitu cha kwanza ni shaba yenyewe. Nyaya nyingi za bei ya chini zina nyuzi za aluminiamu zilizopakwa shaba kwa nje. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba, zinakatika ukizikunja mara chache, na zikibanwa kwenye skrubu zinalegea taratibu. Kuzitambua si kazi. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu. Ukiona kinyume chake, weupe juu na wekundu ndani, usiutupe. Hiyo ni shaba iliyopakwa bati na ni nzuri. Muuzaji akikubali, shika uzi mmoja kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzijoto 660, hivyo uzi mwembamba unanywea na kudondoka. Shaba inahitaji zaidi ya 1,000, itakuwa nyekundu na kubaki imesimama. Pima na uzito mkononi: roli mbili za unene uleule, ya shaba ni nzito waziwazi. Sumaku haitakusaidia kwenye aluminiamu, inakamata zile za chuma tu.

Soma pia maandishi kwenye ganda. H05VV-F 3G1.5 maana yake ni waya wa hadi volti 500, ganda la PVC ndani na nje, nyuzi nyingi laini, nyaya tatu ikiwemo ya ethi (ile ya usalama inayopeleka umeme ardhini) ya kijani na njano, kila mmoja wa milimita za mraba 1.5. Dukani ukisema "fleksibo ya 1.5, nyaya tatu" utaeleweka. Waya usio na maandishi yoyote usinunue, hata ukiwa umefumwa kitambaa cha rangi mbili kama mkia wa nyoka wa katuni.

Njia rahisi kuliko zote ni kununua waya uliotumika kwenye maduka ya kompyuta za mtumba. Waya wa kompyuta ya ofisini wenye plagi ya pini tatu iliyofinyangwa pamoja na waya, ganda likisema 3x0.75 au 3x1.0, unatosha kwa amplifaya karibu zote za nyumbani. Usiuchanganye na waya wa rice cooker. Mdomo unafanana na unaingia, lakini nyingi za zile za bei rahisi ni nyembamba kuliko zilivyoandikwa na hazina fyuzi.

Fyuzi ndiyo watu wanaidharau. Plagi zetu za pini tatu za bapa, Tanzania, Kenya na Uganda, zilirithiwa kwa Mwingereza, na fyuzi ndani yake ipo kulinda waya. Ampea 3 inabeba kama wati 690 kwenye volti 230, kwa hiyo inatosha redio na amplifaya nyingi. Ikiwa amplifaya ina transfoma kubwa ya duara, mkupuo wa kuwasha unaweza kukata fyuzi ya 3. Weka ya 5. Fyuzi ya 13 kwenye waya wa 0.75 ni kosa, kwa sababu waya utapata moto kabla fyuzi haijastuka. Na plagi ikifunguliwa ukakuta kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, tafuta fyuzi halisi kabla hujachomeka tena.

Mchezo wa kuingiza plagi ya Ulaya ya pini mbili za duara kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi uachwe kabisa. Ethi haigusi popote, fyuzi haipo, na pini zinakaa kwa kubahatisha. Mguso uliolegea wenye ukinzani wa nusu omu tu, ukipitisha ampea 5, unatoa joto la wati 12.5 mahali padogo kama punje ya mchele. Ndiyo maana plagi zinabadilika rangi kuwa kahawia na kunuka.

Ukipitisha mgongo wa kidole kwenye bodi ya chuma ya amplifaya ukahisi kama inakutekenya, ethi haipo. Kapasita za chujio ndani ya kifaa zinaipeleka bodi kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Hapo waya mpya hautasaidia kama soketi yenyewe haina ethi. Pima kwa mita, ukiwa makini au ukimwachia fundi: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zikisoma 230, laivu na ethi zinatakiwa zisome karibu hivyohivyo, na nyutro na ethi zisome volti moja au mbili. Laivu na ethi zikisoma 100 na kitu zinazoyumbayumba, ethi inaelea. Mwite fundi umeme arekebishe nguzo ya ethi. Fedha hiyo ina faida kuliko waya wowote utakaouona mtandaoni.

Kama unataka waya wa urefu wako, utengeneze. Nunua mita moja na nusu ya fleksibo ya 1.5, plagi nzuri ya kufunga kwa skrubu na mdomo wa C13 wa kufunga kwa skrubu. Chuna ganda la nje kama sentimita 5 upande wa plagi, halafu nyaya za ndani milimita 6 hadi 8. Ukiangalia plagi ikiwa wazi upande wa ndani, ethi iko juu, laivu ya kahawia kulia penye fyuzi, nyutro ya bluu kushoto. Waya wa ethi uache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa, wenyewe uchomoke wa mwisho. Kibano cha plagi kinatakiwa kishike ganda la nje, si nyaya za rangi. Nyuzi usizipake risasi kabla ya kuzikaza: risasi inakandamizika polepole, skrubu inalegea, na joto linaanza. Zisokote na uzikunje mara mbili. Kwenye mdomo wa C13 fuata L, N na alama ya ethi. Kabla ya kuchomeka, mita isome chini ya omu moja kwa kila waya mwisho hadi mwisho, na kati ya waya na waya isisome chochote.

Usivutiwe na waya mnene kama mpira wa maji. Uzito wake unaning'inia na kuuchomoa mdomo nyuma ya amplifaya, ukabaki umegusa nusu.

Mvumo wa spika una dawa zake. Chomeka amplifaya, televisheni na dekoda kwenye ekstensheni moja yenye ethi, ili zisivutane kupitia nyaya za sauti. Nyaya za umeme zitenge na za sauti kwa sentimita 20 au 30, na zikilazimika kukutana, zivukane kwa msalaba. Mvumo ukiisha unapochomoa waya wa dishi, tatizo liko kwenye dishi. Ethi ya plagi isikatwe hata siku moja, hata kama mvumo unaondoka. Kile kidude cheusi cha kubana kwenye waya kinapunguza kelele za redio na simu, lakini mvumo wa hezi 50 hakiugusi.

Neno kwa wenye vyombo vya mtumba kutoka Japani na Marekani: Japani ni volti 100, Marekani 120, na nyaya zake zimeandikwa 125V. Kubadili plagi hakubadilishi kitu. Kifaa kinahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa mgongoni, na waya wake ubaki upande wa transfoma tu. Bandika plasta juu ya plagi yake na uandike volti kwa herufi kubwa, maana atakayeuchomeka ukutani atakuwa mtu mwingine wa nyumbani.