Mapambo ya sikukuu hayana namba moja: nilivyoyapitisha forodhani

Kama kuna ushauri ulionichosha katika biashara hii ni ule wa "weka yote 9505, utapita tu," yaani mapambo yote yapewe namba hiyo moja ya forodha, zile namba zinazoamua ushuru wa kila bidhaa. Nimeusikia kwa wakala wa forodha, kwa wafanyabiashara wenzangu, hata kwa vijana wa kupakua mizigo. Kwao kontena la mapambo ya Krismasi ni bidhaa moja. Langu limepita, limetoka, halikupigwa faini, na mistari ya ankara iliyoingia 9505 haikufika hata nusu. Msimu huu nimeulizwa tena swali lilelile, mapambo yanaingia namba gani, na nimechoka kulijibu kwa simu, kwa hiyo naandika mara moja.

Ushauri huo una ukweli kidogo, ndiyo maana unaponza watu. Kifungu 9505 ndicho cha vitu vya sherehe, kanivali na burudani. 9505.10 ni Krismasi yenyewe: miti ya bandia, mipira ya kuning'iniza, pango la kuzaliwa Yesu na sanamu zake, malaika, soksi za kutundika. 9505.90 ni mengineyo, na barakoa za kanivali zimo humo. Tarakimu hizo sita zinatoka kwenye mfumo wa Shirika la Forodha Duniani ulioanza kutumika 1988, na karibu kila nchi inazitumia hivyohivyo kisha inaongeza zake mwishoni. Wakala wangu alikuwa anazijua kama jina lake. Alichokuwa hakisomi ni maelezo yaliyo mwanzoni mwa sura ya 95, yanayotaja vitu ambavyo sura hiyo haivihusu. Pesa za watu zinapotelea hapo.

Cha kwanza kabisa kwenye maelezo hayo ni mishumaa. Nilimwonyesha, akacheka. "Bosi, huu si mshumaa, huu ni Baba Krismasi." Na kweli alikuwa Baba Krismasi mzima: ndevu, mkanda, gunia mgongoni, nta nyekundu kuanzia juu mpaka chini. Akasema ataenda kuutetea mwenyewe kwa mkaguzi. Nikamwacha, ila nikamfuata nyuma maana sikutaka kusimuliwa. Aliongea vizuri, haki yake nampa. Aliuzungusha mkononi, akaeleza sikukuu, akaeleza watu wanavyopamba meza, akauliza ni nani atakayenunua kitu kama kile mwezi Machi. Mkaguzi, dada mmoja asiye na haraka, alimsikiliza mpaka akaishiwa. Kisha akanyoosha kidole akagusa ncha ya kofia, pale uzi mweupe ulipochomoza urefu wa ukucha. "Kaka, na hii ni nini?" Utambi. Wakala akautazama kana kwamba umeota wakati huohuo. Namba ikaandikwa 3406, tukahamia mstari unaofuata.

Kuanzia hapo kazi ya namba niliichukua mimi. Sebule yangu iligeuka ghala, sampuli mpaka juu ya televisheni, na watoto wakadhani Krismasi imesogezwa mbele. Mbinu niliyoitumia sijaisoma popote na ninajivunia: naivua bidhaa sikukuu yake. Nafunika kwa kiganja kila kilicho cha msimu, picha, theluji, utepe, halafu natazama kilichobaki kama kina kazi. Sahani ya kaure yenye kulungu: funika kulungu, chakula bado kitapakuliwa. Hiyo ni 6911, vyombo vya mezani, na kulungu hana neno. Kitambaa cha meza chenye nyota za dhahabu kinakwenda 6302 pamoja na mashuka na taulo. Kinara cha mshumaa ni 9405.50 hata kikimwagiwa theluji ya bandia namna gani. Kitako cha chuma cha kusimamishia mti, kikija peke yake, kinapewa namba ya vitu vya chuma. Mpira wa kioo wa kuning'iniza ndio ulionipendeza: uvue sikukuu, hakuna kinachobaki cha kufanyia kazi. 9505.10, tulia.

Mbinu hii haifui dafu kwa vitu ambavyo sheria imekwisha kuvitaja kwa jina, kama mishumaa. Kwa hiyo soma maelezo kwanza, kiganja baadaye.

Kuna rafiki yangu, msomaji sana, aliniambia napoteza muda kwa sababu mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka 1997 kwamba baadhi ya vyombo vya udongo vyenye sura za sikukuu vihesabiwe vitu vya sherehe. Ni kweli, iliamua. Lakini mfumo wenyewe ulifanyiwa marekebisho ya 2007, na sasa vyombo vya meza na jikoni, matandiko, mazulia, nguo na vingine vyenye matumizi ya kawaida vimetolewa wazi kwenye sura ya 95 hata vikichorwa Krismasi kila upande. Nilimpelekea ukurasa. Hakujibu, na mpaka leo tukikutana anazungumzia mpira wa miguu.

Taa ndizo zilizonikausha koo. Nyuzi za taa za umeme za mapambo, za aina yoyote, ni 9405, na hapo sikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwamba wakala alijaza 9405.30, namba ya zamani. Tangu toleo la 2022 la namba hizi, hiyo imegawanywa: 9405.31 kwa zile zilizoundwa kutumia LED peke yake, 9405.39 kwa nyingine. Kompyuta ya forodha ikamrudishia nyaraka, akalaumu mtandao.

Halafu ikaja miti yenye taa zake, na hapa nilifurahi mwenyewe. Kiwandani walikuwa wamezungushia taa kwenye matawi kabisa, lakini karani wao kwenye ankara akaandika mti mstari wake na taa mstari wake, kila kimoja na bei. Kwa ankara ile, taa zingetozwa kama taa. Kanuni ya 3(b), mojawapo ya kanuni za kupangia namba hizi, inasema bidhaa iliyochanganyika inafuata kile kinachoipa sifa yake kuu, na mtu akinunua mti ule ananunua mti. Nikamwandikia muuzaji atoe ankara upya yenye mstari mmoja: mti wa Krismasi wa bandia, wa plastiki, taa za LED zimefungwa juu yake kiwandani. Nikaambatisha picha ya boksi likiwa wazi. Ukapita kama mti. Nyuzi za akiba zilizokuwa kwenye katoni nyingine nilizitangaza kama taa, na usijaribu kuzibebesha mti, maana katoni itafunguliwa.

Tena kuhusu ankara: neno "mapambo" peke yake ni kumwalika mkaguzi kontena zima. Andika kitu chenyewe, kimetengenezwa kwa nini, kinatumia umeme au hakitumii, kinatundikwa au kinawekwa mezani. Mifuko ya zawadi ya karatasi ni 4819, kadi ni 4909. Hizo nilizimaliza wakati nakunywa chai.

Kilichobaki ni mashada ya mlangoni. Yale ya majani ya plastiki matupu yananuka 6702, maua na majani ya bandia. Yale yenye mipira, kengele na utepe yananuka 9505. Sikutaka kubahatisha, nikaomba uamuzi wa awali, yaani forodha wenyewe waniambie namba kabla sijaagiza. Mkataba wa uwezeshaji biashara wa WTO, Shirika la Biashara Duniani, unaotumika tangu Februari 2017, unazitaka nchi wanachama kutoa uamuzi wa namna hiyo kwa maandishi, na ofisi ya forodha inafungwa nao kwa muda uliowekwa. Nilipeleka sampuli zote mbili na picha za pande zote. Walichukua muda wao, lakini jibu lilikuja nilivyonusa: matupu 6702.10, yaliyopambwa 9505.10.

Jumla ya ushuru? Baadhi ya mistari ilipanda, mingine ikashuka, mwishoni tofauti haikuwa ya kutisha. Nilichookoa hasa ni tozo za kuhifadhi kontena bandarini, na hizo anayezijua ni aliyewahi kuzilipa.

Wakala bado ninaye. Mzigo wa msimu ukikaribia, ananipigia kwanza kuniomba karatasi yangu ya namba, na ada yake haijapungua hata senti.